Karatasi ya Sigara Juu ya Paji la Uso

Mwaka 1961, mjini Boston, madaktari wawili wa ngozi, John Strauss na Peter Pochi, walitaka kujua uso wa binadamu hutoa mafuta kiasi gani kwa muda fulani. Kifaa walichokichagua kilikuwa karatasi za kusokotea sigara. Paji la uso lilisafishwa, karatasi zikapangwa juu yake na kubanwa kwa bendeji ya kuvutika, na mwenye uso akakaa hivyo saa tatu. Kisha karatasi zikalowekwa kwenye etha, ambayo huyeyusha mafuta, etha ikaachwa ipae, na kilichosalia kikawekwa kwenye mizani. Kilikuwa kidogo mno. Lakini kwa hicho kidogo, jambo ambalo kila mama mwenye kijana wa miaka kumi na sita hulijua kwa macho lilianza kuandikwa kwa namba: baleghe ikiingia mafuta hupanda, na mwenye chunusi nyingi kwa kawaida hutoa mafuta mengi kuliko wenzake.

Mimi nilikuwa mfamasia Tanga. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilifanyika chumba cha nyuma, juu ya bamba la kioo. Unaweka unga wa salfa upande mmoja, vaselini upande wa pili, unachukua kisu bapa na kukanda kidogo kidogo, kila mara ukiongeza vaselini kwa kadiri ya ulichokwisha kukanda, mpaka ukipaka kidogo juu ya ukucha usione chembe hata moja. Hiyo ni ya upele. Marhamu ya Whitfield, ya asidi benzoiki na asidi salisiliki, niliikanda vivyo hivyo kwa ajili ya watoto wa shule wenye mapunye. Waliokuja dirishani waliniita dada, baadaye mama, na siku hizi tukikutana njiani huniita bibi, lakini swali lao halikubadilika: "Hii inaingia?" Dawa inayobaki iking'aa juu ya ngozi hawakuiamini. Iliyopotea upesi waliisifu. Wenye viwanda vya losheni wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana losheni nyingi ni maji kuliko kitu kingine. Ukipaka, maji hukauka hewani, nawe ukasema imeingia.

Ni swali la haki kabisa, na waganga walilikwepa kwa maelfu ya miaka. Mafunjo ya Ebers ya Misri, yenye umri wa miaka zaidi ya elfu tatu na mia tano, yamejaa dawa za kupaka. Ibn Sina katika Kanuni yake alisema dawa ya kupaka ina sehemu laini inayopenya na sehemu ngumu inayobaki nje, na kwa mtu asiye na darubini wala mizani ya miligramu, hakukosea sana. Ila kupima hakupima.

Kinachotoka kwenye ngozi kilikuwa rahisi kukipima, na historia yake haina machozi mengi. Tezi za mafuta zimesongamana usoni, mamia kwa kila sentimita ya mraba ya paji la uso, ilhali kiganja na unyayo havina hata moja. Baada ya Strauss na Pochi wakaja watu wenye haraka zaidi. Aliyewahi kununua maandazi yaliyofungwa kwa karatasi ya daftari anaijua kanuni yao: palipoingia mafuta, karatasi hupitisha mwanga. Badala ya karatasi wakatumia kioo kilichokwaruzwa, kisha utepe wa plastiki wenye ukungu. Kampuni moja ya Köln, Ujerumani, hutengeneza kifaa kiitwacho Sebumeter: unabandika utepe kwenye ngozi kwa sekunde 30, sehemu ya milimita za mraba 64 tu, unaurudisha mashineni, taa inaangaza kupitia utepe, na kadiri mwanga unavyopita ndivyo mafuta yanavyohesabiwa kwa mikrogramu. Mwaka 1986 Marekani walitoa utando mweupe wenye vitundu visivyoonekana kwa jicho. Ukiubandika usoni kwa muda, kila tezi huacha doa lake, nao unapobanduliwa unakuwa ramani ya uso wa mtu. Nimewahi kuuona mmoja. Pua ilikuwa imejaa madoa na mashavu yalikuwa na machache, kama ambavyo mtu angetarajia, lakini sikutegemea kuona jinsi tezi mbili zilizopakana zinavyoweza kutofautiana, moja ikiwa na doa kubwa na jirani yake ikiwa haina kitu.

Mafuta hayo ni ya kazi gani? Albert Kligman wa Philadelphia, mtu aliyekuwa na kauli kali kuhusu kila kitu, aliandika mwaka 1963 kwamba hayana kazi yoyote ya maana, ni masalia tu ya zama tulipokuwa na manyoya. Ilichukua hadi 2003 ndipo majaribio ya panya wasio na tezi za mafuta yalipoonyesha kwamba gliserini inayotokana na mafuta hayo husaidia ngozi kushika maji.

Kushika maji ndilo neno. Mwaka 1952 Irvin Blank, naye wa Boston, alichukua vipande vya sugu la mguu, ile ngozi ngumu tunayoisugua kwa jiwe, akavikausha mpaka vikawa vya kuvunjika. Vingine akavitumbukiza kwenye mafuta na vingine kwenye maji. Vya kwenye mafuta vilibaki vigumu hata baada ya muda mrefu. Vya kwenye maji vililainika. Kwa jaribio rahisi namna hiyo imani ya watu wengi iliporomoka: mafuta hayalainishi ngozi, maji ndiyo hulainisha, na mafuta huyafungia maji yasitoroke. Niliposoma hilo nilimkumbuka nyanya yangu Pangani, ambaye hakuturuhusu kujifuta vizuri baada ya kuoga. Alitupaka mafuta ya nazi tukiwa bado na unyevunyevu, akisema ukipaka juu ya ngozi kavu umepoteza mafuta. Na bibi harusi wa pwani husingwa kwanza, ngozi ikaloa na kusuguliwa kwa liwa, ndipo apakwe mafuta. Masomo na makungwi hawakuandika kitabu juu ya jambo hili, ila utaratibu wao ulikuwa sahihi.

Sasa nije kwenye kinachoingia, na hapa sauti yangu itabadilika.

Tangu mwisho wa karne ya 15, kaswende ilipoenea Ulaya, wagonjwa walisuguliwa marhamu ya zebaki. Tiba yenyewe waliirithi kwa waganga wa Kiarabu, waliokuwa wakiitumia kwa upele. Mgonjwa alifungiwa chumba chenye joto, akasuguliwa mapajani na mabegani siku baada ya siku, mpaka fizi zikavimba, meno yakalegea na mate yakaanza kumtoka. Mate hayo ndiyo yalikuwa kipimo. Daktari aliyatazama kwenye bakuli, na yakifika painti tatu kwa siku, yaani zaidi ya lita moja na nusu, aliridhika kwamba dawa imeingia vya kutosha. Tunajua leo kwamba aliyokuwa akiyapima yalikuwa mate ya mtu aliyekwisha kulishwa sumu.

Ajabu yake ni kwamba baada ya karne nne za mabakuli hayo, mwaka 1877, Fleischer wa Erlangen alitangaza kwamba ngozi ya binadamu haipitishi kitu kabisa. Ukuta. Na zebaki je? Wabishi walikuwa na jibu: mgonjwa huvuta mvuke wake kwa pua. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilidumu.

Ukuta huo uliangushwa na watoto wachanga. Mwaka 1886 katika hospitali moja ya London vichanga waligeuka rangi ya buluu mmoja baada ya mwingine. Nepi zao zilikuwa zimepigwa mhuri wa hospitali kwa wino wenye anilini, na wino huo ulipogusa ngozi ya makalio ulipita ukaingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni. Baadaye zikaja habari za watoto waliovalishwa viatu vilivyotoka kupakwa rangi nyeusi, nao wakawa vivyo hivyo. Mwaka 1904 Mjerumani Schwenkenbecher akaweka sawa hesabu: vitu vinavyoyeyuka kwenye mafuta hupita, maji na chumvi hupata shida sana. Kanuni hiyo, ikiwa na marekebisho, ndiyo tuliyofundishwa darasani. Ila darasani hatukuambiwa habari za nepi.

Kisa kingine kama hicho kinatuhusu sisi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi weusi wa kiwanda cha ngozi nchini Marekani waliona mikono yao inapoteza rangi, mabaka meupe yakianzia vidoleni na kupanda hadi pale glovu za mpira zilipoishia. Kemikali iliyotiwa kwenye mpira ili usizeeke, ya jamii ya haidrokwinoni, ilikuwa ikipenya kutoka kwenye glovu hadi kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Taarifa ilichapishwa mwaka 1939 kama ajali ya kazini. Haikupita muda, ajali hiyo ikageuzwa biashara, na ndugu yake kemikali ile, haidrokwinoni yenyewe, akawekwa kwenye makopo na kuuzwa kwa wale wale wenye ngozi nyeusi.

Miaka ya 1960 ndiyo vipimo vya kweli vilipoanza. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walidondosha steroidi iliyoyeyushwa kwenye spiriti juu ya mkono, wakafunika kwa plastiki usiku kucha, na asubuhi wakatazama ngozi ilivyopauka pale dawa ilipobana mishipa midogo ya damu. Dawa yenye nguvu hupausha hata ikiwa hafifu sana. Kipimo hicho ndicho kilichopanga steroidi zote za kupaka tunazozijua, kutoka haidrokotisoni iliyo dhaifu hadi klobetasoli iliyo kali kuliko karibu zote. Tatizo lake ni kwamba kupauka huko huonekana kwenye ngozi nyeupe, na kwenye ngozi kama yangu ni vigumu kukusoma kwa jicho. Kwa hiyo ngazi ya nguvu ya dawa tunayoifuata Tanga na Kisumu ilichorwa kwenye mikono ya Wazungu. Sidai kwamba ni ya uongo. Nadai tu kwamba mwanafunzi wa famasia aelezwe.

Halafu likaja jedwali la Feldmann na Maibach, mwaka 1967, ambalo kila mfamasia amelikariri. Walipaka haidrokotisoni yenye kaboni ya mnururisho kwenye sehemu mbalimbali za mwili wa wanaume, kisha wakakusanya mkojo kwa siku tano kuona kiasi gani kimetoka. Kwenye mkono, chini ya kiwiko, ilipita kama asilimia moja tu ya dawa. Asilimia moja! Iliyosalia ilibaki juu, ikafutwa na nguo, ikaenda na maji ya kuoga. Ukiuita mkono moja, unyayo ni 0.14, kiganja 0.83, mgongo 1.7, paji la uso 6, pembe ya taya 13, na mfuko wa korodani 42. Usiku ule nilipoliona jedwali hilo kwa mara ya kwanza nilifikiria wanaume wote niliowapa marhamu kwa ajili ya fangasi za kinena bila kuwaonya wapake kidogo. Na usoni, mahali ambapo watu wetu hupenda kupaka kila kitu, dawa hupita mara sita kuliko mkononi, na karibu na taya mara kumi na tatu.

Namba hizi ni nzuri na zimeokoa watu, ila zina mazingira yake. Kligman niliyemtaja alifanya majaribio yake kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia 1951 hadi 1974. Wengi wa wafungwa hao walikuwa weusi, na walilipwa vijisenti ili wapakwe dawa, manukato, kemikali, hata dayoksini. Allen Hornblum aliliandika gereza hilo kitabu kizima mwaka 1998, na jiji la Philadelphia liliomba radhi mwaka 2022. Mwezi Desemba mwaka huo huo Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kiliomba radhi kwa majaribio ya Maibach na mwenzake William Epstein kwa wafungwa wasiopungua 2,600 katika gereza la Vacaville, ambao wengine walipakwa au kudungwa dawa za kuua wadudu na magugu. Maibach ndiye yule yule wa jedwali. Tangu 1975 kuna njia nyingine: Thomas Franz alitengeneza chombo cha kioo chenye vyumba viwili, katikati yake unatandaza kipande cha ngozi kilichobaki kwenye upasuaji au cha maiti, juu unapaka dawa, chini unachota maji yenye joto la mwili kila baada ya muda na kuyapima. Kazi nyingi ambayo zamani ilifanyiwa mfungwa sasa hufanywa na kioo hicho.

Afrika Mashariki iliingia kwenye historia hii kwa mlango wa mkojo. Mwaka 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya madaktari wa Nairobi, Barr na wenzake. Walikuwa na wagonjwa 60, watu wazima, wenye figo zinazovuja protini: asubuhi macho yamefura, jioni viatu havivaliki. Ugonjwa huo kwa kawaida huwa na sababu nyingi, malaria ikiwa mojawapo. Lakini madaktari hawa walifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya, waliwauliza wagonjwa wanapaka nini. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye chumvi ya zebaki, asilimia 5 hadi 10. Walipopima mkojo, zebaki ikaonekana. Baadhi ya walioacha krimu, figo zao zilitulia.

Chumvi ile ya zebaki haikuwa siri ya mtaani. Ilikuwa marhamu rasmi, imo kwenye vitabu vya dawa vya Waingereza tulivyovirithi, kwa vidonda vya ngozi na chawa. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi, ndiyo maana ngozi hupauka. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Hata hivyo, miaka hiyo ya 1990 Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyetumia maisha yake kuwahudumia waathirika wa sumu ya zebaki ya Minamata, alikuja Ziwa Victoria kutafuta zebaki kwa wachimba dhahabu na walaji wa samaki. Alipima nywele. Baadhi ya nywele zilizokuwa na zebaki kupita kiasi hazikuwa za wachimbaji wala wavuvi. Zilikuwa za watu waliokuwa wakiogea sabuni ya kung'arisha.

Tanzania tuna jina letu la mambo haya, mkorogo, na anayeukoroga hutia chochote alicho nacho: haidrokwinoni, zebaki, na siku hizi klobetasoli kutoka kwenye tyubu za famasi. Watu huupaka uso na shingo, yaani pale pale jedwali linaposema mlango uko wazi, tena mara mbili kwa siku kwa miaka. Ngozi hukonda ikaonyesha mishipa, na kadiri inavyokonda ndivyo inavyopitisha zaidi. Wakati huo huo pale Moshi, kilipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya wenye ualbino, na sifa yake kubwa ni kwamba yanatakiwa yasiingie. Yakae juu, yazuie mwale. Ningependa wale waliokuwa wakiniuliza dirishani wayaone hayo.

Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka ukomo wa sehemu moja ya zebaki kwa milioni katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuuondoa hata ukomo huo, zebaki isitiwe kabisa. Siku hizi mkaguzi mwenye vifaa huja dukani na kitu kama bunduki ndogo inayorusha miali ya eksirei. Anaielekeza kwenye kopo, anasubiri kidogo, namba inatokea. Hahitaji mkojo wa mtu. Wengi wetu hatuna bunduki hiyo, na watengenezaji hawaandiki neno zebaki kwenye boksi. Lakini mara nyingi huandika, kwa herufi ndogo, kwamba mtumiaji avue vito vya dhahabu na fedha kabla ya kupaka. Wanaandika hivyo kwa sababu zebaki hushika dhahabu, kama inavyoshika kwenye karai la mchimbaji wa Geita, na pete ikiguswa nayo hugeuka nyeupe. Ukiliona onyo hilo kwenye boksi, rudisha kopo dukani.